Rada Zinaiona Usangu Kupitia Mawingu: Nani Kwetu Anazisoma?

Hotuba hii niliitoa hapa Mbeya mbele ya walimu wa fizikia, mafundi wa redio na simu, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, mafundi, wanafunzi, habari za asubuhi. Nawashukuru kwa kuja. Najua Jumamosi ya msimu wa mvua kila mmoja ana shamba linalomwita.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kusikia habari za rada? Naona hakuna. Sisi watu wa makamo tuliisikia kupitia magazeti: rada iliyonunuliwa Uingereza, kesi, kisha "chenji ya rada", zile pauni milioni 29.5 ambazo kampuni ya BAE Systems ilikubali kuzilipa na ambazo ziligeuka vitabu na madawati. Baadhi yenu mliokaa mbele hapa mlijifunza kusoma kwa vitabu hivyo. Basi rada tumeijua kama kesi. Tumeijua kama bei. Leo nataka tuijue kama mashine.

Swali la pili. Nani ameiona antena ya rada ya kuongozea ndege pale Songwe? Vizuri, mikono ni mingi. Ile ni mojawapo ya vituo vinne vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Vingine viko Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Mliiona inafanya nini? Inazunguka. Leo nitawaeleza habari za rada ambayo haina haja ya kuzunguka, rada ya safu hai. Haigeuzi shingo, haina mota ya kuigeuza, lakini inaweza kutazama kaskazini na kusini ndani ya sekunde hiyohiyo, tena mara nyingi. Na nitawaeleza kwa nini jambo hilo linamhusu mkulima wa mpunga wa Mbarali, kule bonde la Usangu, kuliko anavyodhani.

Kwanza tujue tatizo lilikuwa wapi.

Mwaka 1904, mjini Cologne, Ujerumani, kijana wa miaka 22, Christian Hülsmeyer, aliwaita watu kwenye daraja la mto Rhine. Alikuwa na mashine ya kurusha mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Meli ilipokaribia, kengele ililia. Watu walishangaa, kisha wakaenda zao; wenye meli hawakununua. Miaka 31 baadaye, tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry nchini Uingereza, Robert Watson-Watt na mwenzake Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya mtambo wa BBC kuitambua ndege iliyokuwa ikiruka angani. Safari hii dunia ilikuwa inanusa vita, na hakuna aliyeondoka kwenda zake. Mwaka 1940, pale Birmingham, John Randall na Harry Boot wakatengeneza magnetroni, kifaa cha kuzalisha mawimbi mafupi kwa nguvu kubwa. Rada ikawa ndogo, ikapanda kwenye ndege na meli.

Lakini umbo lake likabaki lilelile: mtambo mmoja mkubwa wa kurusha, bakuli moja, mota moja. Ukitaka kutazama upande mwingine, geuza bakuli. Ukitaka kutazama juu zaidi, liinue, kisha anza tena kuzunguka. Rada nyingi za hali ya hewa duniani bado zinafanya kazi hivyo, na zinafanya kazi nzuri sana. Sizidharau hata kidogo. Ila kulichunguza anga lote, kutoka chini hadi juu, huzichukua kama dakika 5.

Dakika 5 ni nyingi au ni chache? Sikilizeni kisa hiki.

Tarehe 28 Julai 2008, mjini Kobe, Japani, watu walikuwa wakipumzika kando ya mto mdogo uitwao Toga. Mto huo umejengewa kingo, na chini kuna njia ya kutembea, watoto hucheza humo. Mvua ikashuka ghafla milimani. Ndani ya dakika 10 maji yalipanda zaidi ya mita 1. Watu 5 walikufa, watoto wakiwemo.

Dakika 10, ndugu zangu. Rada ya kuzunguka, katika dakika 10, inapata picha kamili mbili. Ya kwanza wingu bado linajikusanya. Ya pili mto umeshajaa. Sisi tunaoishi chini ya mlima Loleza, ambako mvua ikipiga juu maji yanafika mitaani kabla hujaanua nguo, hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Osaka, pamoja na kampuni ya Toshiba na taasisi ya taifa ya utafiti wa mawasiliano ya Japani, wakasimamisha rada ya aina nyingine. Kwenda mzunguko bado iligeuzwa na mota. Lakini kupanda na kushuka, kule kulikokula muda mwingi, kulifanywa na safu ya antena nyembamba 128 bila chochote kusogea. Anga lote hadi kilomita 60 likawa linaonekana kila sekunde 30. Katika zile dakika 10 za mto Toga, hizo ni picha 20. Si mbili. Ishirini. Unaliona tone likizaliwa juu ya wingu, unaliona likishuka.

Inawezekanaje kuelekeza mwale bila kusogeza kitu? Hapa ndipo penye utamu, na hapa nitakaa kidogo.

Twendeni Matema, ziwani Nyasa. Vijana wanane wamesimama ndani ya maji, mstari mmoja sambamba na ufukwe, wanatazama ziwa, kila mmoja na kasia mkononi. Wote wakipiga maji kwa pamoja, kila kasia linazaa wimbi lake la mviringo. Mbele yao mawimbi hayo manane yanakutana kilele kwa kilele, yanajengana, na wimbi moja lenye nguvu linaelekea katikati ya ziwa. Pembeni yanakutana kilele na bonde, yanauana. Sasa mwambie kijana wa kushoto aanze. Wa pili achelewe kidogo. Wa tatu achelewe kidogo zaidi. Hivyohivyo hadi wa mwisho kulia. Wimbi litaelekea wapi?

Nimesikia sauti pale nyuma: kulia. Sawasawa kabisa. Linapinda kulia, upande wa waliochelewa. Na nani aliyehama? Hakuna aliyehama. Hakuna aliyegeuka. Kilichobadilika ni muda peke yake.

Hiyo ndiyo siri yote. Aliyeionyesha kwanza kwa mawimbi ya redio ni Karl Ferdinand Braun, mwaka 1905, kwa antena tatu tu zilizopangwa pembetatu. Alipochelewesha mojawapo, mawimbi yalielekea upande aliotaka. Mwaka 1909 aligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia na Marconi. Alifia New York mwaka 1918, vita vikiwa vimemzuia kurudi kwao. Wazo lake ilibidi lisubiri miongo mingi vifaa vya kulitekeleza.

Wanafunzi, toeni kalamu. Tuchukue wimbi la gigahezi 5.4. Urefu wake ni sentimita 5.5 hivi. Antena zetu tuzitenganishe kwa nusu ya wimbi, sentimita 2.8. Tunataka kupindisha mwale nyuzi 30. Saini ya 30 ni ngapi? Nusu. Basi tofauti ya njia kati ya antena mbili jirani ni sentimita 1.4, yaani robo ya wimbi. Gawanya kwa kasi ya mwanga. Unapata pikosekunde 46. Pikosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni. Kila antena imchelewe jirani yake kwa sehemu 46 za trilioni ya sekunde, na mwale umepinda nyuzi 30. Hesabu ni ya kidato cha tano. Kilicho kigumu ni kutengeneza kifaa kinachoheshimu hesabu hiyo.

Mafundi, sasa nazungumza nanyi. Kuna njia mbili za kulisha safu ya antena. Ya kwanza ni kuwa na mtambo mmoja mkubwa wa kurusha, kisha kugawa nguvu yake kwa mabomba ya mawimbi hadi kila antena, na kuweka njiani kifaa cha kuchelewesha. Rada ya meli ya kivita ya Marekani USS Ticonderoga, iliyoanza kazi mwaka 1983, ilikuwa ya namna hiyo. Nguvu nyingine inapotea njiani, na moyo wa kurushia ukifa, rada yote imekufa. Njia ya pili, ambayo ndiyo sababu ya kusanyiko hili, ni kuipa kila antena mtambo wake mdogo: amplifaya yake ya kurushia, amplifaya yake ya kupokelea, swichi ya kubadili kati ya kurusha na kupokea, na kifaa chake cha kurekebisha awamu, yaani kiasi ambacho wimbi limechelewa. Antena inakuwa hai yenyewe. Ndiyo maana tunaiita safu hai.

Faida yake ni nini? Mwangwi ukirudi ukiwa dhaifu mno, unakuzwa palepale ulipotua, kabla haujapotelea kwenye nyaya. Mwale unabadilishwa kwa amri ya kompyuta ndani ya sehemu kadhaa za milioni ya sekunde. Na moduli moja, yaani mtambo mdogo wa antena moja, ikifa, nyingine zinaendelea.

Kisa cha hili kiko Shigaraki, nako Japani. Shigaraki ni mji unaosifika kwa vyungu, kwa hiyo Wakisi wa Ikombe, mliotoka huko kwenye ncha ya ziwa, mngeelewana na watu wake haraka. Mwaka 1984, kwenye bonde lenye misitu karibu na mji huo, Chuo Kikuu cha Kyoto kilimaliza kujenga rada ya kupimia upepo wa angani iitwayo MU. Uwanja wa duara wenye kipenyo cha mita 103, na ndani yake antena 475, zile za miiba mnazozijua za televisheni, zimeelekezwa juu. Kila antena na mtambo wake wa kurusha na kupokea. Zote pamoja zinatoa megawati 1 kwa kilele. Gawanya kwa 475, kila moja inatoa kilowati 2 na ushee. Mwale wake unaweza kuhamishwa zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde. Antena 5 zikiharibika, zimebaki 470. Rada haijui hata kama kuna msiba. Mwaka 2001 Wajapani hao wakashirikiana na Waindonesia kujenga dada yake kule Kototabang, Sumatra, karibu kabisa na mstari wa ikweta, antena 560. Napenda sana mfano wa Sumatra, kwa sababu ni nchi ya milima, mvua na migomba, na vijana wa pale wanaipima anga yao wenyewe kwa mashine iliyo nyumbani kwao.

Nisiwafiche: fedha nyingi zilizokuza fani hii zilitoka kwenye majeshi. Rada za Marekani za kutazama makombora, za familia ya PAVE PAWS, zilianza kazi mwaka 1980, na kila uso wa jengo lake una moduli hai 1,792. Ndege za kivita za leo zina safu hai puani. Sioni haja ya kulificha hilo, wala sioni sababu ya kuwaachia wanajeshi elimu ambayo mzizi wake ni hesabu ya saini na kosaini.

Na vifaa vyenyewe vimeshuka kutoka mbinguni. Moduli za zamani zilitumia transista za galiamu asenaidi. Za sasa nyingi zinatumia galiamu naitraidi, ambayo inastahimili volti kubwa na joto kali, kwa hiyo chipu ndogo inatoa nguvu nyingi. Galiamu naitraidi mnaijua? Mnaijua sana. Taa nyeupe ya LED mliyonunua Mwanjelwa, mwanga wake unaanzia kwenye kipande cha samawati cha madini hayohayo. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya mwaka 2014 kwa kazi hiyo ya mwanga wa samawati. Usiku wa leo, ukiwasha taa, una ndugu wa rada juu ya dari.

Sasa nifike nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo.

Nilikuwa Ubaruku, wilayani Mbarali, na picha za setilaiti kwenye kompyuta, picha za kawaida za kamera. Mzee mmoja mkulima wa mpunga akasogea, nikamwamkia, akaniuliza, "Mwanangu, shamba langu liko wapi hapo?" Nikatafuta. Picha ilikuwa ya Februari. Nikamwonyesha mahali lilipo shamba lake. Palikuwa na wingu. Nikafungua ya Machi. Wingu. Mzee akaniuliza swali ambalo bado nalibeba: "Kumbe hiyo setilaiti masika hulala?"

Jamani, fikirini. Huku kwetu mvua ni kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Rungwe inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kila kilicho muhimu kwa mkulima, kuotesha, kupandikiza, palizi, mafuriko, kinatokea chini ya wingu. Kamera inaona vizuri miezi ambayo shamba limekauka. Inatuona tukiwa hatuna la kuonwa!

Lakini tangu tarehe 3 Aprili 2014 kuna jicho lisilolala masika. Ni setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1. Inapita kilomita 693 juu ya vichwa vyetu na antena yenye urefu wa mita 12.3. Antena hiyo ni nini? Ni safu hai. Vigae 14, kila kigae kina vipande 20, jumla 280. Mawimbi yake ni yaleyale tuliyoyapigia hesabu sasa hivi, gigahezi 5.4, na mawimbi hayo hayasumbuliwi na wingu wala giza. Kwa mkupuo mmoja inapiga ukanda wenye upana wa kilomita 250, nusura kutoka hapa hadi Iringa kwa mstari ulionyooka, na kila sekunde inafagia karibu kilomita 7 za ardhi.

Mwalimu mmoja hapa ataniuliza, na ana haki: antena ya mita 12 itaonaje jaruba kutoka kilomita 693? Piga hesabu. Kwa wimbi la sentimita 5.5, mwale wake ukifika chini una upana wa kilomita 3 hivi. Ungeona wilaya, usingeona shamba. Ila setilaiti inatembea. Inakusanya mwangwi wa sehemu ileile ikiwa hapa, ikiwa pale, ikiwa mbele zaidi, kisha kompyuta inaunganisha yote, ikapatikana antena ya hesabu iliyo ndefu kuliko antena ya chuma. Ndivyo inavyotenganisha vitu vilivyoachana mita 20. Na ili ukanda wa kilomita 250 upigwe wote bila pengo, mwale lazima uruke pande tatu na kusukumwa nyuma na mbele ndani ya sekunde chache, bila kukoma. Nani atageuza chuma cha mita 12 namna hiyo angani? Hakuna. Bila safu hai picha hizi zisingekuwepo kwa namna tunayozipata.

Na zinaonyesha nini? Maji yaliyotulia yanaakisi wimbi kwenda mbali, halirudi, kwa hiyo yanatokea meusi. Jaruba likijazwa maji, jeusi. Mpunga ukichipua na kukua, linaanza kung'aa wiki kwa wiki. Ukipanga picha za msimu mzima unajua skimu ipi ilijaza maji mapema, ipi ilichelewa, ipi haikupata kabisa. Penye matete, wimbi linagonga maji, linagonga shina, linarudi kwa nguvu.

Tuiseme Ihefu, kile kinamasi cha Usangu. Sote tunajua ugomvi wa maji ya Usangu. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Chini yake kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, umeme wa taifa. Juu yake kuna mpunga wa Mbarali, chakula cha taifa. Kati yake kuna wafugaji, wavuvi, wanyama. Mikutano imefanyika, watu wamehamishwa, wengine wamerudi, na kila upande unakuja na maneno yake: mwenzetu ndiye anayemaliza maji. Nauliza: katika mikutano hiyo, ni nani aliyeweka mezani picha za rada za miaka kumi, msimu kwa msimu, akaonyesha maji ya Ihefu yalianzia wapi na yaliishia wapi? Picha zipo. Ni za bure. Mtu yeyote mwenye barua pepe anaweza kujiandikisha na kuzichukua. Za Februari iliyopita zipo. Za usiku wa mvua kubwa zaidi unaoukumbuka huenda zipo pia. Zimelala kwenye kompyuta za Ulaya na Marekani zikisubiri mtu wa kuzisoma.

Tena asiyepajua mahali atazisoma vibaya. Upepo ukipiga maji, yanachafuka na kung'aa. Mgeni atadhani ni ardhi kavu. Matete yakisimama ndani ya maji yanang'aa. Mgeni atadhani hakuna maji. Anayejua kwamba pale ni matete na hapa ni mpunga wa mwezi wa pili ni nani? Ni yule mzee wa Ubaruku. Ni mtoto wake, aliyeketi humu akiwa kidato cha sita. Kwa kazi hii, mtu wa Mbarali ana elimu ambayo haipatikani chuo chochote Ulaya, na nayasema haya kwa uzito wote.

Kuna milima pia. Aprili 2024, pale Itezi, udongo wa mlima Kawetele uliporomoka ukafunika nyumba. Mnapakumbuka. Na kule Rungwe tuna volkano. Kyejo ilitoa lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, si zamani sana kwa umri wa mlima. Rada ya angani inaweza kulinganisha awamu ya mwangwi wa leo na wa siku 12 zilizopita, na ardhi ikisogea kuelekea setilaiti kwa sentimita 2.8 tu, awamu imezunguka duru nzima. Kwa hiyo mteremko unaotambaa polepole unaweza kuonekana kabla haujaporomoka. Unaweza. Siahidi. Penye migomba na misitu, majani yanabadilika kati ya picha na picha, na wimbi la sentimita 5.5 linapoteza kumbukumbu. Ndiyo maana naisubiri kwa hamu kazi ya NISAR, setilaiti ya Marekani na India iliyorushwa tarehe 30 Julai 2025 kutoka Sriharikota. Mojawapo ya mawimbi yake ni la sentimita 24, linapenya majani na kugusa ardhi. Kwa Rungwe na Busokelo, hilo ndilo wimbi letu.

Mafundi, kabla sijamaliza, nina kisa kimoja chenu. Desemba 2021, pacha wa ile setilaiti ya Sentinel-1 ya mwaka 2014, aitwaye Sentinel-1B, alinyamaza. Baada ya miezi ya kujaribu kumwamsha, walimwacha. Je, vile vipande 280 vya antena vilikufa? Hapana. Kilichokufa ni sehemu ya kupeleka umeme kwenye rada, ambayo vipande vyote viliitegemea. Unaweza kuwa na antena 280 zinazojitegemea, lakini kama zote zinakunywa kwenye kisima kimoja, kisima ndicho kinachopanga siku ya mwisho. Fundi mzuri akipewa rada ya safu hai huanza kuuliza habari za umeme, ndipo aulize habari za antena. Nafasi ya Sentinel-1B ilichukuliwa na Sentinel-1C, aliyerushwa Desemba 2024.

Najua mnawaza bando. Mna haki. Faili moja ghafi la Sentinel-1 linaweza kupita gigabaiti 4, na hakuna mwanafunzi wa hapa atakayelishusha kwa simu. Usilishushe. Kuna majukwaa, kama Google Earth Engine, ambako picha zimeshaandaliwa na hesabu inafanyika kwenye kompyuta zao. Wewe unapokea ramani ndogo tu. Kwa mwenye kompyuta nzuri kuna programu ya SNAP ya shirika la anga la Ulaya, nayo haina malipo. Ninachoomba kwa walimu ni kimoja: kila shule iliyo na chumba cha kompyuta ichague sehemu moja tu inayoijua kwa miguu, skimu, bwawa, kijito, na iifuatilie msimu mzima. Andikeni tarehe maji yalipoingia na tarehe yalipotoka. Linganisheni na picha. Daftari hilo moja, likitunzwa miaka mitatu, afisa umwagiliaji atakuja kuliomba.

Na kwa wanaotaka kuigusa safu kwa mikono, hamhitaji gigahezi. Sauti inatosha. Wimbi la sauti la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34. Panga spika ndogo 8, zitenganishe sentimita 17. Ili kupinda nyuzi 30, kila spika imchelewe jirani yake kwa robo ya milisekunde. Kidhibiti kidogo cha bei nafuu kinaweza kazi hiyo.

Spika hizo nane tumezifunga pale uwanjani, chini ya mti wa parachichi. Sasa hivi tutatoka. Wazee mtakaa kwenye viti, vijana mtajipanga nusu duara, hatua 20 kutoka kwenye safu. Nitabonyeza, na kila ambaye mlio utampitia ainue mkono. Mtaona mikono ikipanda kutoka kushoto kwenda kulia, na spika hazijasogea. Kisha mwanafunzi mmoja atakuja kubadilisha namba za kuchelewesha yeye mwenyewe. Wenye kompyuta mpakato wabaki ukumbini baada ya chai. Nina picha za Usangu za Februari na Machi, na nahitaji mtu wa Ubaruku, mtu wa Madibira na mtu wa Rujewa wakae nami tuandike majina ya vijiji juu yake.